Wageni Wasiovua Mabuti

Mwaka huo Halldor Sigvaldason alianza kuona watu ambao hawapo, na upumbavu wake ni kwamba aliwakaribisha.

Lakini utamlaumu vipi? Mtu aliyezaliwa Gimli, mji mdogo wa Kanada ambako kila mtu anamjua mwenzake, akakulia humo hadi miaka sabini na moja, akikuta kina mama watatu wamekaa sebuleni kwake na makoti yao, hawezi kuwauliza "ninyi ni nani?" Hiyo ni aibu ya mwaka. Huenda ni kamati ya kanisa. Huenda ni binamu za mkewe, Inga, ambao hawana idadi. Basi Halldor alichemsha kahawa, akakata ile keki ya plamu yenye tabaka saba, akawawekea mezani, akaanza kuwasimulia habari za baridi. Hawakujibu neno. Hilo halikumshtua, kwani upande wa Inga wengi wako hivyo. Ilikuwa siku ya nne ndipo mmoja wao aliposimama, akapita katikati ya friji, akaondoka.

"Umekwisha, mzee," Halldor alijiambia. "Umefikia kuwapikia watu hewa. Tena kahawa ya bei."

Hakumwambia mtu. Aliyajua yatakayofuata: leseni ya gari itakwenda, nyumba itakwenda, na yeye atapelekwa kwenye makao ya wazee kukata maua ya karatasi. Aliogopa mno. Na kwa kuwa alikuwa mwoga, akaamua awe mjanja. Miaka thelathini alikuwa msimamizi wa ghala la nafaka, ngano mbovu akiijua kwa kuitupia jicho tu. Atashindwaje na watu?

Wiki mbili aliwachunguza, na mwishowe akawapata. Wageni wake walikuwa hawavui viatu! Februari, Manitoba, theluji hadi magotini, na wao wamekaa juu ya zulia la Inga na mabuti miguuni! Lo! Hakuna mtu wa pale, awe waziri awe mwizi, anayevuka mkeka wa mlangoni na mabuti. Fundi bomba huvua. Mchungaji huvua, na soksi yake ina tundu la kupitisha kidole. Kwa hiyo hesabu ilikuwa rahisi: mwenye soksi ni mtu, mwenye mabuti ni hewa. Halldor alijipongeza mpaka akajipa cheo, Profesa wa Miguu. Tangu siku hiyo akawa hamwamkii mtu kabla hajamtazama chini.

"Unatafuta nini huko chini kila saa?" Inga alimuuliza. "Umeangusha meno?"

"Natazama soksi zako, mke wangu. Zinapendeza."

"Zina miaka tisa hizi. Hebu niondokee!"

Ikaja Jumamosi. Inga alikuwa dukani. Profesa alibandika viazi jikoni, akaketi mbele ya televisheni kutazama fainali ya ule mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu, na viazi akavisahau; pua yake nayo siku hizo ilikuwa hainusi kitu. Inga aliporudi alikutana na moshi mlangoni. Hakukumbuka buti wala nini. Alikimbia moja kwa moja hadi kwenye jiko, akalizima, na theluji ya soli zake ikayeyuka chini yake. Aliteleza akaanguka kwa ubavu, pumzi yote ikamtoka, hata sauti hakuwa nayo.

Halldor alisikia kishindo. Akaja na kikombe chake mkononi. Sakafuni alilala mwanamke mwenye koti la buluu, kofia ya koti imemfunika, uso ameuelekeza kwenye jiko. Halldor akatazama miguu. Mabuti.

"Ala! Sasa wameanza na kulala," alinung'unika.

Akasema "samahani," maana adabu ni adabu, akainua mguu, akamvuka mwanamke aliyeishi naye miaka arobaini na sita. Akajimiminia kahawa. Akamvuka tena, akarudi kwenye mawe yake.

Zilipita kama dakika kumi. Kisha jikoni ikatoka sauti dhaifu, yenye hasira: "Halldor! Njoo uniinue, mwanaharamu wewe!"

Watu hewa hawakuwahi kumtukana. Kikombe kilimponyoka.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Waliitengeneza hospitalini, na siku ya tatu Inga alikuwa bado hajamtazama mumewe usoni. Alipozungumza, alizungumza na dari.

"Uliniona, Halldor. Ulisimama ukanitazama. Ukasema samahani ukanivuka, ukaenda zako kwenye mchezo. Nikitoka hapa naenda Calgary kwa mwanetu, kwa Signy. Kwako sirudi."

Halldor jibu alikuwa nalo, ila lilikuwa na gharama yake. Akinyamaza, atabaki mume katili mwenye leseni na nyumba tupu. Akisema, atakuwa kichaa. Alikaa pale anakunjakunja kofia yake, anajichukia kwamba hata sasa anapiga mahesabu kama yuko ghalani. Daktari Villaruel, mama mfupi wa magonjwa ya ubongo aliyekuwa akimhudumia mgonjwa wa kitanda cha jirani, alipita karibu. Halldor akamshika mkono wa koti.

"Daktari, mimi naona watu ambao hawapo," alisema. "Tangu Desemba. Wana mabuti. Mke wangu aliingia na mabuti, nikajua si mtu. Niliweka kanuni, daktari. Niliiona kanuni nzuri sana."

Inga aligeuza kichwa.

Daktari hakucheka. Alivuta kiti. "Wanaongea?"

"Hapana. Wananyamaza tu kama wakwe."

"Usingizini unarusha mikono, unapiga mateke?"

Inga alijibu kabla yake. "Miaka minne ananipiga mateke! Nilidhani ni chuki."

Daktari alimpima mwendo, akamkunja viwiko, akamchorisha saa kwenye karatasi. Saa ya Halldor ilikuwa na namba zote upande mmoja. Mwenyewe alipoiona alisema hata kuku angechora bora.

"Itabidi tufanye vipimo zaidi," daktari alisema, "lakini nadhani naujua ugonjwa wenyewe. Kuna vijibonge vinavyojijenga ndani ya chembe za ubongo, navyo ndivyo vinavyokuletea wageni. Hutapona, mzee wangu, nisikudanganye. Ila dawa za kukusaidia zipo. Na mtu yeyote akitaka kukupa zile dawa kali za kutuliza vichaa, mwambie aniulize kwanza. Zinaweza kukudhuru vibaya."

"Kwa hiyo si wazimu?"

"Ubongo unaumwa kama nyonga ya mama inavyoumwa. Lakini gari, basi."

Halldor alitoa funguo mfukoni akaziweka juu ya shuka, haraka, asije akabadili nia.

Inga alizichukua zile funguo, akazitia chini ya mto wake.

"Wapo saa hizi?" aliuliza.

"Mmoja. Pale dirishani."

"Mwanamke?"

"Ee. Amenuna kama wewe."

Inga aliguna kicheko, nyonga ikamchoma, na kicheko kikageuka kilio. "Nililala pale sakafuni nikasema, kumbe miaka yote hii sikuwa na mtu. Unajua ilivyoniuma? Mfupa haukuniuma hivyo."

"Ningekuambia, Inga. Niliogopa."

"Mjinga wewe." Alijifuta pua kwa kiganja. "Sasa nisikilize. Ukimkuta mtu sakafuni, mwinue. Usiniletee habari za miguu. Akiwa hewa, umefanya mazoezi."

"Na Calgary?"

"Calgary na nani? Nikuache na hao, uwamalizie kahawa yangu?" Akamsogezea mkono juu ya shuka. Halldor aliushika, akalia mbele ya daktari bila haya.