Nani Atakamua Ndege ya Kivita

Kuku wetu ni kumi na mmoja tu, lakini Jordan, bwana mifugo mpya, alitumia siku mbili kuwatia matone ya chanjo ya mdondo. Mimi ndiye niliyekuwa namshikia. Jioni ya siku ya pili shangazi Hilda akaniambia, "Raheli, huyo kijana ama kazi haijui, ama anaijua sana."

Miezi minane baadaye, Jumamosi, wazee wake wakaja kutoka Mpwapwa kuongea mahari.

Ng'ombe wa kwao nilikuwa nawajua, maana Jordan hanifichi kitu. Ni kumi na wanne, na wanne kati yao ni wa maziwa, ndio wanaomtunza mama yake. Kwa hiyo wenye ruhusa ya kutoka zizini walikuwa kumi. Wakizidi hapo, Jordan angeambiwa asubiri mwaka mwingine, pengine miwili, na kusubiri kwenyewe kulikuwa na hatari. Baba mkubwa Ludovick alikwisha kunigusia habari za mgane mmoja wa Kibaigwa, mwenye lori na meno mawili ya dhahabu.

Baba mkubwa ni dalali wa mahindi pale soko la Kibaigwa. Mdomo ndio jembe lake. Baba yangu, Yotham, ni mdogo wake, mtu wa "karibuni" na "kwaherini", basi. Mambo ya ukoo yote huyasema baba mkubwa.

Mwaka huo baba mkubwa alikuwa na jambo lingine kichwani zaidi ya mahindi. Kulikuwa na nchi moja ya mbali ambayo serikali yake ilitaka kununua ndege mpya za kivita, kwa bei ambayo mtangazaji akiitaja lazima apumzike katikati. Watu wa huko waligawanyika, wabunge wakakunjana mashati, waziri mmoja akaacha kazi. Jina la nchi lilinishinda. Baba mkubwa alisema ipo nyuma ya Uturuki, ukishapita. Sisi hatukuwa wauzaji wala wanunuzi, lakini alivyoumwa na hizo ndege ungedhani wamepanga kuziegesha kwenye shamba lake la alizeti.

Alhamisi ya wiki hiyo alipiga simu redioni, kwenye kipindi cha maoni. Alipanda juu ya jabali nyuma ya nyumba yetu kutafuta mtandao, akaongea dakika nne mkono mmoja ukiwa juu, akashuka na jasho kama mtu aliyetoka kupalilia. Kipindi kile hurudiwa Jumamosi saa tisa alasiri. Aliwaambia watu wote wa sokoni wasikose. Kisha Jumamosi ikaja na wageni, mwenyewe akasahau.

Mimi sikusahau. Si kwamba nilikuwa na mpango, hapana. Mambo ya saa huwa nayakumbuka tu.

Wageni walifika saa sita na nusu, wawili juu ya bodaboda moja. Jordan mwenyewe waliachana naye barabarani kwenye banda la chipsi, maana muoaji hatakiwi kikaoni. Mshenga alikuwa Mzee Methusela, mwembamba, kofia ya pama, rafiki wa marehemu baba yake Jordan. Mwenzake alikuwa mzee mnene aliyetambulishwa kama msindikizaji, akakaa karibu na mlango wa jikoni, akanyamaza.

"Mbukwenyi," Mzee Methusela alitusalimu kwa Kigogo akiingia.

"Faini," akajibu baba mkubwa. "Umeingia na kofia. Kuku mmoja."

Mzee Methusela akavua kofia, akacheka, akakubali kuku. Tukaona ni mtu mwepesi. Kumbe alikuwa mwepesi kwa kuku tu.

Mimi na shangazi tulikuwa jikoni. Kati ya jikoni na sebule kuna kidirisha cha kupitishia vyombo, na kwenye kidirisha hicho nimejifunza mambo mengi kuliko darasani. Baba mkubwa alianza na ng'ombe ishirini. Mzee Methusela akasema wanane. Wakabishana, wakataniana, wakapanda, wakashuka, na ilipofika saa nane mmoja alikuwa kwenye kumi na watano na mwingine kwenye tisa. Shangazi akanifinya mkono. "Wanakutana hao," akasema.

Wangekutana. Lakini Mzee Methusela alitaka kumpaka mwenyeji mafuta kidogo.

"Mwenyeji wangu," alisema, "sisi hatukimbii gharama. Kitu cha thamani hulipiwa. Hata wale wenzetu wa zile ndege za kivita, wamefanya jambo la maana sana."

Baba mkubwa akaweka kikombe chini.

"La maana?"

"La maana kabisa. Nchi bila ndege za kivita ni boma bila miiba."

"Boma lenyewe halina ng'ombe ndani, unazungusha miiba ya nini? Hospitali zao hazina dawa!"

"Adui akija utampa dawa?"

"Adui gani? Mtaje!"

"Adui hatajwi. Mimi nimepita jeshini, haya mambo nayaelewa."

"Ulirusha ndege?"

Mzee Methusela akajikuna shingo. "Nilikuwa stoo ya viatu."

"Ng'ombe kumi na saba," akasema baba mkubwa.

"Eh! Si tulikuwa kumi na watano?"

"Walikuwa kumi na watano kabla hujasifia ujinga."

"Dalali wa mahindi unajua nini habari za anga?"

"Ishirini."

"Ndege ya siku hizi inamwona adui hata hajaamka!"

"Ishirini na watatu!"

Shangazi aliacha kukoroga mlenda. "Wakifika kwenye mabomu," akaninong'oneza, "utafika hamsini."

Nilimfikiria Jordan yuko barabarani na sahani ya chipsi, hajui kwamba ameshafika ishirini na watatu. Machozi yalitaka kuja nikayazuia, kwa sababu nilikuwa nimeona kitu cha ajabu na sikutaka kinipotee. Baba mkubwa, anayeuza, ndiye aliyekuwa anapiga kelele kwamba bei kubwa ni dhambi. Mzee Methusela, anayenunua, ndiye aliyekuwa anaapa kwamba kitu kizuri kilipiwe chochote. Kila mmoja alikuwa amebeba mzigo wa mwenzake kichwani, na hakuna aliyehisi uzito.

Saa nane na nusu baba mkubwa akasimama. "Kikao kimekwisha. Chukueni kofia yenu mrudi Mpwapwa, mkanunue ndege."

Shangazi alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Kaka, keti. Mgeni haondoki ugali ukiwa jikoni. Au unataka wakasimulie huko kwamba kwa Yotham watu hufukuzwa na njaa yao?"

Hilo hata baba mkubwa halipingi. Akaketi, ameelekea ukutani. Mzee Methusela naye akaelekea ukuta wa pili. Baba yangu akabaki katikati, anatazama mikono yake.

Maji ya ugali yalikuwa yanachemka tangu zamani. Nikachomoa kuni mbili mekoni nikazizima kwenye majivu. Shangazi akanitazama, akatazama kuni, akarudi kwenye mlenda wake. Kisha nikatoka uani kuchukua betri za redio yangu. Zilikuwa zimechoka, nilizianika juani tangu asubuhi zipate nguvu. Nikazirudisha ndani ya redio, redio nikaiweka pale kidirishani, mdomo wake ukiwatazama.

Saa tisa kasoro kumi lilikuja tangazo la chakula cha kuku. Saa tisa kasoro tano, salamu. Mama mmoja wa Mvumi aliwasalimu watu kumi na tisa, mmoja mmoja. Mzee Methusela akauliza kama ugali wa nyumba hii hupikwa kwa jua.

"Kuni mbichi, baba," nikamjibu.

Kipindi kikaanza. Akapiga mtu wa kwanza, simu ikakatika. Akaja wa pili, yeye alitaka kujua bei ya mbolea. Halafu redio ikasema, "Mimi naitwa Ludovick, dalali, Kibaigwa. Sina swali, nina mchango."

"Nyamazeni!" baba mkubwa akaruka. "Ni mimi huyo!"

Hakuna aliyekuwa anaongea.

"Ndugu mtangazaji," redio ikaendelea, na baba mkubwa akawa anafuatisha kwa midomo, mkono umepanda juu kama siku ile kwenye jabali, "mimi ni mtu wa soko. Muuzaji akiona mnunuzi amependa kitu, akampandishia bei kila akifungua mdomo, huyo si muuzaji. Ni jambazi mwenye mizani! Na mnunuzi naye, akifungua zizi akatoa wote mpaka wa maziwa, akabaki na hiyo ndege inang'aa uani, kesho watoto wakilia njaa itakuwaje? Watakamua ndege ya kivita?"

Mtangazaji alicheka mpaka akapaliwa. Baba mkubwa akatugeukia, uso unang'aa, anangoja kusifiwa.

Ndipo baba yangu akakohoa. "Kaka," alisema, "huyo mtu amesema vizuri."

"Sana!" akakubali baba mkubwa.

"Angekuwepo hapa leo, angesema ng'ombe wangapi?"

Nimemwona baba mkubwa akibishana na madereva wa malori, na polisi, na mchungaji. Siku hiyo mkono wake uliokuwa juu ulishuka taratibu mpaka gotini.

"Yule alikuwa anasema habari za ndege," alijibu mwishowe.

"Alitaja zizi," baba akasema taratibu. "Na wa maziwa."

Baba mkubwa akaangalia redio kama mtu aliyeumwa na mbwa wake mwenyewe. Kisha akamtazama mshenga. "Sawa. Huyu mzee akikiri kwamba zile ndege ni ghali, na kwamba haki ilikuwa kwangu, tutaongea kama watu."

Nikajua yamekwisha. Sikuwa nimemhesabu Mzee Methusela. Aliinua kidevu. "Siwezi kusema uongo kwenye nyumba ya watu. Ndege zinahitajika."

Yaani ndoa yangu ilikuwa inaning'inia kwenye kidevu cha mtu wa stoo ya viatu.

Nikarudisha kuni, nikausonga ugali haraka. Nikafunua sufuria ya kuku. Harufu ikapita kidirishani ikaingia sebuleni. Bakuli nikaliweka pale dirishani, lionekane, nikaliacha palepale mkono wangu ukiwa juu yake.

Yule mzee mnene akazungumza kwa mara ya kwanza. Alikuwa na sauti nyembamba kama ya mtoto. "Methusela," akasema, "sema. Kuku anapoa."

Mzee Methusela akameza mate. "Hizo ndege," alianza, "zina gharama."

"Kila kitu kina gharama. Ni ghali au si ghali?"

"Ni ghali kidogo."

"Kumi na watano."

"Ni ghali."

"Kumi na wawili."

"Ni ghali mno!"

"Kumi na mmoja. Na anayezinunua?"

"Mjinga! Anayezinunua ni mjinga, na mimi sikurusha chochote, nilikuwa stoo ya viatu!"

"Kumi!" baba mkubwa akapiga kelele ya furaha, akamshika mkono, akautikisa kama waliokutana baada ya vita.

Shangazi alipiga vigelegele mpaka kuku wa uani wakatawanyika. Wakala. Baba mkubwa alimwomba Mzee Methusela arudie lile neno la mwisho, kwa sababu mdogo wake Yotham hakulisikia vizuri. Mzee Methusela akarudia, mdomo umejaa. Baba yangu alikuwa amelisikia vizuri sana.

Walipokuwa wanaondoka nilimpelekea Mzee Methusela kofia yake. Hakuivaa mara moja. Alikuwa anatazama kule kidirishani.

"Binti, hiyo redio hukaa hapo siku zote?"

"Hukaa jikoni, baba."

"Mh." Akapanda bodaboda, msindikizaji akambana kwa nyuma. "Utakuja nayo kwetu?"

"Nikiruhusiwa, baba."

"Njoo nayo," alisema akivaa kofia. "Ila betri nitazitunza mimi. Kazi ya stoo naijua."