Sala ya Kufungua Mkutano

Damu ya Mzee Hemed ilinirukia kwenye kola kabla sijafumbua macho. Sauti yake ilikatika katikati ya dua kama redio iliyochomolewa kwenye stima, halafu nikasikia kitu kizito kikianguka na kuburuta viti. Nilipotazama, alikuwa amelala ubavu miguuni pangu, mikono yake bado imefunguliwa mbele ya kifua, kama mtu anayesubiri kupewa kitu. Alichopewa kilikuwa rungu la kichwa.

Hata hivyo, nimeanzia katikati, na mwalimu wetu wa insha ana maoni makali sana kuhusu watu wanaoanzia katikati. Kwa heshima zake, turudi nyuma.

Julai ya mwaka jana nilikuwa nyumbani kwa kosa la kusali. Shule yetu ya bweni ina utaratibu kwamba mtihani wa jioni hauanzi kabla ya maombi, nami nilipopewa heshima ya kuomba kabla ya mtihani wa kemia, niliwaombea wagonjwa, wajane, wanajeshi, wapishi, paka wa jikoni na nchi zote za Afrika kwa mpangilio wa alfabeti, mpaka kengele ya kulala ikalia. Darasa zima lilinibeba juu. Naibu mwalimu mkuu aliliita kosa langu matumizi mabaya ya ibada, akanituma nyumbani nikatafakari.

Nyumbani ni Kona Ng'ombe, ule mstari wa mabucha unaoukuta ukitoka Ngong Road kuelekea Dagoretti. Zamani, anasema Mama, palikuwa na vichaka, mabucha na ng'ombe waliokuwa wakipita kwa miguu kwenda kuchinjwa. Siku hizi maghorofa yametuzunguka kama watu wazima wanaomchungulia mtoto. Bucha la Mama lilikuwa la mwisho kwenye mstari. Lililopakana nalo lilikuwa duka la Mzee Hemed, mtu wa Lamu, aliyeuza bizari, mchele na vitambaa, na ambaye ndiye aliyenifundisha kusema Kiswahili bila kukivunja miguu. Watu walimwita Baba Safa, kwa jina la bintiye. Mimi nilimwita Babu.

Sasa, mtu mmoja tajiri wa Loresho alikuwa ameupenda mstari wetu. Alitaka auangushe, pawe na jumba la maduka na maegesho ya magari. Jambo hilo lilipelekwa kwa kamati ya mipango ya wadi, chini ya mwenyekiti aliyeitwa Kiema, mwanamume mpole wa sauti, mwenye miwani ya dhahabu. Na sheria, ambayo ina ucheshi wake, inasema kwamba kabla hujamvunjia mtu riziki yake lazima kwanza umwite ukumbini umuulize maoni. Wakishaulizwa, mikono inainuliwa, mwenyekiti anatangaza kwamba imepita, na kazi inaanza.

Kiema alitaka kazi ianze upesi. Tulipofika ukumbini asubuhi hiyo, tingatinga lilikuwa tayari limeegeshwa mkabala na mabucha, injini ikinguruma, mabati ya ukumbi yakitetemeka. Ndani, viti vya nyuma vilikuwa vimejaa vijana wa jaketi nzito ambao hawajawahi kununua kwetu hata robo ya matumbo. Ila mmoja. Huyo alikuwa Masila, kijana wa mama anayeosha matumbo pale machinjioni, na miaka yote alikuwa akinywa supu kwetu bila kulipa, Mama akijifanya haoni. Safari hii yeye ndiye aliyejifanya hatuoni.

Wachinjaji wetu walikuja moja kwa moja kutoka kazini, na makoti yao meupe yenye damu. Mzee Hemed aliwasimamisha mlangoni.

"Visu havingii kwenye kikao," alisema. "Tieni humu, jamani."

Wakavitia ndani ya kreti la mbao, kimoja kimoja, kama watoto wanaosalimisha manati. Hakuna aliyewaambia wale wa jaketi nzito waweke chochote popote.

Tulikuwa na tumaini moja, nalo lilikuwa limekwama kwenye foleni. Wakili wetu, Stellah, alikuwa amepata amri ya mahakama mjini asubuhi hiyohiyo, kwamba mtu yeyote asiguse mstari wetu. Akiitia mkononi mwa Kiema kabla ya mikono kuinuliwa, tingatinga litarudi lilikotoka. Akichelewa, bucha litakuwa chini kabla haijasomwa. Mama alinong'onezwa kitu kwenye simu, akanigeukia.

"Yuko Adams Arcade. Gari hazisongi hata kidogo."

Mbele, mchungaji alikuwa ameshasimama na kuifungua Biblia yake pana. Hapo ndipo Kiema alipofanya kosa ambalo mtu yeyote mwenye haraka angelifanya. Anawajua wachungaji. Anajua mchungaji akipewa sala ya kufungua mkutano, mkutano hufunguka jua likitua.

"Pasta, hebu tulia," alisema akitabasamu. "Leo tunapea vijana nafasi. Wewe msichana wa uniform. Eeh, wewe. Tuombee. Fupi."

Nilikuwa nimevaa sare kwa sababu Mama alitaka tuonekane familia ya maana. Nikasimama. Nikamtazama Mama. Mama anayajua yote niliyoyafanya shuleni, na alikuwa amenigombeza kwa siku kadhaa kwa ajili hiyo. Akafanya kitu ambacho hajawahi kunifanyia tangu nizaliwe. Alinikonyeza.

"Tuinamishe vichwa," nikasema.

Lazima ieleweke kwamba katika mji huu unaweza kumwibia mtu kiwanja chake, lakini humkatizi akiomba. Kofia zilivuliwa. Vijana wa jaketi nzito wakainama, na jaketi zao zikatuna mahali marungu yalipokuwa yamefichwa. Nami nikaanza na shukrani. Nilishukuru kwa mvua ya Aprili, na kwa mitaro iliyoziba ikatuletea mvua hiyo mpaka vitandani. Niliikumbuka taa ya barabarani ya kona yetu, Bwana, iliyozimika ningali katika darasa la nne, uipe nuru ya milele. Niliwaombea wanakamati kila mmoja kwa jina lake na kwa afya ya tumbo lake. Nilimwombea dereva wa tingatinga, ili mafuta yake yasiishe bure. Mtu fulani alikohoa ili asicheke.

"Amina!" akasema Kiema kwa nguvu.

Hakuna aliyemfuata. Mama mmoja wa mboga alisonya.

"Wacha mtoto aombe!"

Nikaomba. Niliwaombea wagonjwa, wajane na wale walio njiani, hasa walio kwenye foleni, hasa walio Adams Arcade. Nilipofumbua jicho moja, vijana wa nyuma walikuwa wanaanza kutazamana. Nikaona wazi kwamba wakati wangu unaisha. Basi nikawageukia hao.

"Umkumbuke Masila, Bwana," nikasema, "aliye pale karibu na mlango. Mama yake anaosha matumbo kwenye maji baridi tangu kabla hakujapambazuka ili yeye avae viatu. Umwambie amevaa viatu vizuri."

Lilikuwa tusi, nalo lilivalishwa sala. Masila aliinua kichwa. Nilidhani atakuja anipige palepale. Badala yake alifumba macho kwa nguvu, kama mtoto anayengoja sindano.

Sauti yangu ilikuwa imeanza kukwaruza. Nikahisi mkono begani.

"Pumzika, mwanangu," alisema Mzee Hemed polepole. Kisha kwa sauti: "Mwenyekiti, na sisi Waislamu tuna dua yetu."

"Mzee, hiyo ya msichana ilikuwa ya wote!"

"Ya wote? Mbona sikusikia Kiarabu?"

Ukumbi ukacheka, hata baadhi ya wale wa nyuma. Nikanyamaza bila kusema Amina, sentensi yangu ikiwa wazi kama mlango, na mzee akafungua viganja vyake na kuanza. Alikuwa na sauti nzuri, isiyo na haraka hata kidogo. Nilifumba macho, kwa mara ya kwanza siku hiyo bila kuchungulia.

Kwa hiyo sikumwona Kiema akiivua miwani yake na kuipangusa kwa kitambaa. Mama alimwona. Anasema hiyo ndiyo ilikuwa ishara.

Na sasa tumefika pale nilipoanzia.

Rungu la pili lilimpata mchungaji mdomoni, akatema meno juu ya Biblia. Viti vya plastiki vikapaa. Mama wa mboga aliyesonya alivutwa kwa leso yake mpaka akakaa chini, na kijana mmoja akamkanyaga mkono kwa makusudi, huku akitazama kwingine, kama mtu anayezima sigara. Mwololo, mchinjaji anayebeba nusu ya ng'ombe begani, alimnyakua mmoja wao kwa jaketi na kumbwaga juu ya meza ya kamati; meza ikavunjika, na nikasikia kwamba si meza tu iliyovunjika. Watatu wakamrukia mgongoni. Akaanguka akiwa bado anapiga.

Ndipo wachinjaji wakakimbilia kreti.

Mama alifika kabla yao. Alikalia lile kreti, miguu imepanuliwa, kama mtu aliyekaa kukamua ng'ombe.

"Hakuna mtu anagusa kisu!" alipiga kelele. "Mmesikia? Kesho watasema tulikuja kuchinja watu!"

"Mama Debra, toka! Wanatuua!"

"Basi watuue mikono mitupu! Sitoki!"

Hakutoka. Walimpiga akiwa pale. Kijana wa kwanza alimchapa kwa rungu kwenye mabega na yeye akayakunja tu, akishika kingo za kreti. Nilimrukia yule kijana shingoni nikamng'ata sikio, na ninaweza kushuhudia, kwa unyenyekevu wote, kwamba sikio la binadamu ni gumu kuliko linavyoonekana. Alinitupa ukutani. Nilipoinuka, mwingine alikuwa amesimama mbele ya Mama na kipande cha nondo, amekiinua kwa mikono miwili, juu ya kichwa chake hasa.

Masila alitoka sijui wapi. Aliingia tu kati, kwa namna ile ya mtu anayepenya kwenye foleni ya supu, na nondo ikamshukia usoni.

Sitaieleza ile sauti. Ilikuwa ndogo.

Alipiga magoti mbele ya kreti, ameshika uso wake, na Mama akamvuta kichwa akakiweka mapajani, bado amekalia visu.

Na wakati huo wote Kiema alikuwa amepanda juu ya kiti, suti yake haina hata doa.

"Wanaounga mkono pendekezo!" aliita. "Wainue mikono!"

Ukumbi mzima ulikuwa umeinua mikono. Wazee, akina mama, mchungaji, wote walikuwa wameiweka juu ya vichwa vyao ili wasipasuliwe. Kiema aliitazama mikono ile kutoka safu ya mbele hadi ya nyuma, kwa utulivu, na uso wake ukajaa kuridhika.

"Imepita," akasema.

Mtu akapiga mluzi dirishani. Nikasikia ngurumo ya tingatinga ikibadilika.

Stellah alifika kwa bodaboda, kiatu kimoja mguuni, amri ya mahakama ameifutika kifuani. Alivuka ukumbi akiwaruka watu waliolala chini na kuitia karatasi mkononi mwa Kiema. Kiema aliisoma. Aliisoma mpaka chini, hakuruka mstari, na huko nje kitu kikubwa kikajiangusha kwa kishindo, na vumbi likaingia kupitia mlangoni. Ndipo akampungia dereva asimame. Ni mtu anayefuata utaratibu.

Bucha la Mama lilikuwa chini lote. Jembe la tingatinga lilikuwa limegusa ukuta wa Mzee Hemed na kuacha alama moja, kama ya kucha. Mengine yote kwenye mstari yalikuwa yamesimama.

Yanasimama hadi leo. Kesi inaendelea. Kiema alihamishiwa wadi nyingine, ambako nasikia mikutano huanza bila maombi. Mzee Hemed alikaa hospitalini hadi nikarudi shule. Sasa akifungua viganja vyake kuomba, wa kushoto haufiki juu, na sikio la upande huo halimsikii mtu yeyote. Aligawanya duka lake kwa pazia, akampa Mama nusu. Kwa hivyo nyama yetu sasa inanukia iliki, na wateja wa Loresho huja na magari yao makubwa kuiulizia, wakidhani ni mtindo mpya.

Katika vifusi vya bucha tuliokoa kitu kimoja, gogo la kukatia nyama. Anayelisimamia ni Masila. Mama alimwambia tu siku moja, "Uje kesho," naye akaja. Jicho la kushoto hakulirudisha kutoka hospitalini. Pana kovu pale, na kope zimeshikana.

Likizo ya Desemba nilimkuta akipasua mbavu. Tulikuwa hatujazungumza hata mara moja tangu ile siku. Nilisimama upande wake wa kushoto kwa muda kabla hajajua nipo.

"Niaje, Debra."

"Poa."

Akapasua ubavu mmoja, akaupanga.

"Ile maombi yako. Uliwahi kuimaliza?"

"Bado. Babu aliniingilia."

"Nilijua." Alipangusa shoka kwenye aproni. "Ndiyo maana bado nimefunga jicho. Sema Amina basi, nifungue."

Nilisubiri acheke ili nami nicheke. Hakucheka. Aliweka shoka chini, akainamisha kichwa, mikono miwili juu ya gogo. Nyuma ya pazia Mzee Hemed alikuwa akimpimia mtu mchele.

"Amina," nikasema.

Kisha akainua uso, akanigeukia kabisa ili aweze kuniona.

"Wapi, halifunguki," akasema, na kuchukua shoka.