Mfano wa Sinyati

Rodrick, mkuu wa chuo, aliingia ofisi ya walimu na kuweka karatasi zake juu ya rundo la kazi ambazo Mwalimu Aikande alikuwa anazisahihisha.

"Madam, nisaidie kitu kimoja. Kiswahili chako ni kizuri kuliko changu. Nisafishie hii kabla ya kikao cha bodi."

Aikande hakuinua uso mara moja. Mwaka huo alikuwa anafanya kazi za watu wawili kwa mwili mmoja. Asubuhi alisimama darasani pale Sakina, kwenye jengo lililotazamana na gereji, akiwafundisha vijana wanaosomea ualimu wa awali huku nyundo za mafundi zikigonga nje ya dirisha. Jioni, akifika nyumbani Moshono, alijifungia stoo katikati ya magunia ya mahindi ili majogoo wa jirani wasisikike, akairekodi mada ileile kwa simu kwa ajili ya wanafunzi wa mtandaoni. Kufikia Ijumaa sauti ilikuwa imemkauka na miguu imevimba. Mumewe, Abdiel, alikuwa ameshazoea kula naye kimya kimya.

"Kikao lini?"

"Alhamisi ijayo."

"Niachie hapo."

Aliisoma wakati wa chai. Haikuwa ndefu. Rodrick alikuwa anaiomba bodi ifunge madarasa yote na kuuhamishia ufundishaji mtandaoni. Hoja yake ilikwenda hivi: katika mtihani uliopita, wanafunzi wa mtandaoni walifaulu vizuri kuliko wa darasani, kwa hiyo mtandao unafundisha vizuri kuliko darasa, kwa hiyo darasa halina kazi tena. Kisha, ili wajumbe wasichoke na takwimu, aliweka mfano. Sinyati, mama kijana wa upande wa magharibi wa Mlima Meru, mfugaji, mwenye mtoto mchanga, hajawahi kukanyaga darasa la chuo, na ndiye aliyeongoza mtihani mzima. "Ikiwa Sinyati ameweza akiwa peke yake na simu yake," aliandika Rodrick, "nani atashindwa?"

Aikande alirekebisha viambishi viwili vitatu, halafu akaacha. Kuna kitu kilimkera, lakini alikuwa amechoka mno kukijua ni nini.

Mwalimu Elinaza, mkongwe kuliko wote pale chuoni, alikuwa anamwangalia kutoka meza ya pili.

"Ndiyo yenyewe hiyo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ivunje, binti yangu. Wewe ndiye unayewafundisha kupima hoja. Ivunje vipande vipande." Akasogeza kikombe chake. "Mwalimu hatengenezwi na simu. Mimi nimesimama mbele ya watu tangu hujaolewa, najua ninachosema."

Aikande aliitikia kwa kichwa. Siku hiyo hakuwa na nguvu ya kuvunja hata biskuti.

Kilichomkera alikitambua akiwa nyumbani anaosha vyombo. Jina la Sinyati, mtoto wake, maisha yake, vyote vilikuwa kwenye karatasi inayokwenda kwa wajumbe, na hakuna aliyemuuliza mwenyewe. Alimpigia. Simu iliita, ikakatika. Akapiga tena, akasikia upepo na neno moja, "Madam," kisha kimya. Basi Jumamosi, badala ya kulala kama alivyojiahidi wiki nzima, alipanda gari la kwenda Oldonyosambu, akashuka njiani, akachukua bodaboda kwenye barabara ya vumbi inayopandisha upande wa mlima.

Alimkuta Sinyati uani, anapepeta maharage pamoja na mama mkwe wake. Mtoto alikuwa amelala kwenye kanga kando yao.

"Madam! Shikamoo! Umefikaje huku?"

"Marahaba. Nimefika tu." Akamgeukia yule mama, akamsalimu kwa Kimaasai. "Takwenya, yeyo."

"Iko," mama mkwe alijibu, akacheka kidogo kwa jinsi ilivyotamkwa na Mchaga, akaenda kuchemsha chai.

Aikande alikaa kwenye kigoda akamsomea Sinyati ile sehemu inayomhusu. Sinyati alisikiliza huku mkono wake ukiendelea kuchambua mawe kwenye ungo. Ilipofika "akiwa peke yake na simu yake," mkono ulisimama.

"Peke yangu? Nani kasema?"

"Mkuu ndivyo anavyoelewa. Hata mimi nilielewa hivyo."

"Madam, hapa nyumbani simu haishiki. Umeona mwenyewe ulivyopiga. Inashika kule juu, kanisani." Alionyesha kwa kidevu. "Sisi tunaosoma tuko wanne huku. Jumapili ibada ikiisha tunabaki kwenye chumba cha watoto wa Sunday school. Tunafungua sauti yako kwenye simu moja, tunaiweka mezani. Ukienda haraka tunakurudisha nyuma. Mmoja asipoelewa tunabishana mpaka aelewe. Halafu mmoja anakuwa mwalimu, sisi tunakuwa watoto, tunamsumbua kweli kweli." Akacheka. "Ndiyo maana tulifaulu wote wanne. Ningekuwa peke yangu ningeacha zamani."

Aikande aliitazama tena ile karatasi. Mfano mkubwa wa Rodrick, ule wa kuonyesha kwamba darasa halina kazi, ulikuwa ni darasa. Lilikosa tu mwalimu na jengo la chuo.

"Na wale wengine?" aliuliza. "Mlipoanza, lile grupu la masomo kwenye simu lilikuwa limejaa."

"Walinyamaza."

"Nilidhani wanasikiliza tu bila kuandika."

"Hapana. Waliacha. Kuna dada mmoja wa huko bondeni tulianza naye. Yeye hakuwa na mwenzake karibu. Alikuwa anauliza swali kwenye grupu asubuhi, linajibiwa kesho yake, na yeye kesho yake hana bando. Akachoka. Hakuaga, alinyamaza tu. Na mtihani hakuja."

Hapo Aikande aliona ule ufa uliokuwa kwenye hoja tangu mwanzo. Mwanafunzi wa darasani anayekata tamaa huendelea kuja akisukumwa na wenzake na wazazi, akafanya mtihani, akafeli, akahesabiwa. Wa mtandaoni anayekata tamaa hatoweki kwa kelele. Hafanyi mtihani, kwa hiyo hafeli, kwa hiyo hayumo kwenye hesabu. Rodrick alikuwa amelinganisha darasa zima na mabaki ya grupu.

Chai ililetwa, maziwa mengi, majani machache. Aikande alikunywa akasikia mabega yakilegea.

"Kwa hiyo niwaambie bodi kwamba mtandao haufai," alisema, nusu akiuliza.

Sinyati aliweka ungo chini. "Ah, Madam! Usinifanyie hivyo. Mimi Sakina nafikaje kila siku? Ng'ombe atanyweshwa na nani? Huyu mtoto? Baba yake yuko machimboni, anarudi akipata. Ile simu ndiyo mlango wangu. Mkiufunga mmenifungia mimi, hamjamfungia Mkuu."

"Sasa niseme nini?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye mwalimu."

Jumatatu Aikande alimrudishia Rodrick karatasi zake. Kiswahili kilikuwa kimesafishwa kama alivyoomba. Nyuma alikuwa ameandika kwa mkono mambo yote aliyoyaona: wanaonyamaza hawakuhesabiwa, wengi wa waliofaulu mtandaoni, kwa jinsi anavyowajua, ni watu wazima ambao tayari wanasaidia kufundisha kwenye shule za chekechea, hivyo walianza wakiwa mbele, na Sinyati hakusoma peke yake.

Rodrick alisoma akiwa amesimama. Alipomaliza alikaa.

"Nilikuomba lugha, Madam. Sikuomba maoni."

"Najua, Mkuu."

"Unajua kwa nini niliandika hivi?" Aliongea polepole, kama mtu aliyekwishajieleza hivyo mara nyingi akiwa peke yake. "Mwenye jengo analitaka jengo lake. Anabomoa mwakani. Nimezunguka Kaloleni, nimezunguka huku kote, sijapata pa kutuweka. Nikiiambia bodi hatuna pa kwenda, watafunga chuo. Nikiwaambia hatuhitaji pa kwenda, watatuacha tuishi. Sasa wewe unaniambia hoja yangu ina matundu. Mimi najua ina matundu."

Aikande hakulitarajia hilo. Alikuja amejiandaa kubishana na mtu mwenye kiburi, akamkuta mtu aliyechoka kama yeye.

"Lakini hao wanaonyamaza, Mkuu," alisema hatimaye, "wakiwa wote mtandaoni watakuwa wengi kuliko sasa. Tutakuwa na chuo kinachofaulisha vizuri kwa sababu wanaoshindwa hatuwaoni."

Rodrick alijipangusa uso kwa viganja. "Basi uyaseme mwenyewe mbele ya bodi. Mimi sina nguvu ya kubishana na wewe halafu nikabishane na wao."

Kwenye kikao Mwalimu Elinaza ndiye aliyeanza kusimama, suti ya kijivu, sauti ya darasani. Alisema mtandao umeshawaharibu vijana, kwamba yeye amefundisha walimu nusu ya wilaya, na kwamba hajaona mtu aliyekaa mbele yake kwa bidii akashindwa. Wajumbe wawili walipiga makofi. Alipokaa alimkonyeza Aikande, kana kwamba anamwambia, sasa mmalize.

Aikande alisimama. Aliieleza hoja ya Rodrick kwanza kama ilivyo, bila kuikejeli, kisha akaonyesha mahali inapovunjika. Elinaza alikuwa anatabasamu. Mwenyekiti, mchungaji mstaafu, alimuuliza: "Kwa hiyo unakubaliana na Mwalimu Elinaza?"

Angeweza kusema ndiyo, akakaa, akaenda nyumbani kulala. Alikumbuka kigoda na ungo wa maharage.

"Hapana, Mchungaji. Mwalimu Elinaza anisamehe. Yeye anasema aliyekaa mbele yake kwa bidii hashindwi. Lakini akishindwa, tunasema hakuwa na bidii. Na wa mtandaoni akifaulu tunasema ana akili zake, akishindwa tunasema ni mtandao. Hoja ya namna hiyo haiwezi kushindwa hata siku moja, kwa hiyo haituambii kitu. Na darasani kwetu kuna vijana wanalala. Mimi nawaona. Naye anawaona."

Tabasamu la Elinaza liliondoka polepole.

"Mkuu na Mwalimu Elinaza wanabishana kuhusu simu na ukuta," Aikande aliendelea. "Niliyemkuta mlimani amefaulu kwa sababu alikuwa na masomo yanayomfikia kule aliko, na alikuwa na watu wa kukaa nao. Aliyekosa masomo hakuanza. Aliyekosa watu alinyamaza. Sina takwimu za kuthibitisha kwamba ni hivyo kwa wote. Nimezungumza na mwanafunzi mmoja tu, na mfano mmoja hautoshi kuhitimisha, hata ukiwa wangu. Lakini kabla ya kufunga chochote, waliotoweka watafutwe waulizwe."

Akakaa. Kichwa kilikuwa kinamgonga.

Rodrick akaieleza bodi habari ya mwenye jengo, nayo ikajadiliana mpaka chakula cha mchana kikapoa. Mwishowe ikaamua kwamba jengo lirudishwe kwa mwenyewe, masomo yaende kwa simu siku za wiki, na kila Jumamosi wanafunzi wakutane na mwalimu kwenye kumbi za makanisa, mmoja Moshono, mmoja Sakina, mmoja kule mlimani. Waliotoweka watafutwe. Mwenyekiti akauliza nani atawatafuta, na nani ataenda mlimani. Watu wote mezani wakamgeukia Aikande.

Elinaza alimsubiri mlangoni.

"Mama Brian," alisema. Hakuwahi kumwita kwa jina la mwanawe kabla ya siku hiyo. Alikuwa akimwita binti yangu. "Nilikuomba uvunje moja. Umevunja zote mbili."

"Shikamoo, Mwalimu," Aikande alisema, akiinamisha kichwa.

"Marahaba." Akavaa kofia yake akaondoka. Mwisho wa muhula aliaga, akarudi kwao Machame kwenye migomba na kahawa yake. Hawakugombana, ila hakumpigia tena, na wanafunzi wake wakagawiwa kwa waliobaki.

Wiki ya kwanza ya mpango mpya Aikande alipiga simu mpaka sikio likamuuma. Wengine walikuwa wamebadilisha namba. Wengine walisema watakuja, kwa ile sauti ya mtu asiyekuja. Mmoja alilia kidogo, akasema hakujua kama kuna aliyeona kwamba ameondoka.

Jumamosi ilipofika alipanda tena lile vumbi. Chumba cha Sunday school kilikuwa na madawati mafupi ya watoto, na wanawake walikaa magoti yakiwa juu, watoto mgongoni. Sinyati alikuwa amefagia na kuweka kiti kimoja kirefu mbele. Aikande alikikalia, kwa sababu miguu ilikuwa imegoma, akafundisha akiwa ameketi. Aliulizwa maswali kabla hajamaliza sentensi. Kuna mahali walimwambia hapana, Madam, kwenye sauti ulisema kingine, na walikuwa sahihi, akarekebisha.

Katikati ya somo mlango ulifunguliwa. Dada mmoja mwenye mtandio wa bluu, viatu vimejaa vumbi la bondeni, alisimama pale hajui aingie au arudi. Sinyati alimtambua, akasogea kumpisha kwenye dawati.

"Madam," yule dada aliuliza, bado mlangoni, "mimi niliachia njiani. Sasa naanza upya au naendelea pale nilipoishia?"

Aikande hakujua. Hakukuwa na utaratibu wowote ulioandikwa kuhusu hilo. Itabidi aulize, abishane, labda aandike barua nyingine kwa bodi.

"Kaa kwanza," alisema. "Tutaona."