Hawara Asiyekuwapo

Muderhwa alipoulizwa na mkewe kama ana mwanamke Bukavu, alijibu ndiyo. Alijibu upesi, uji ukiwa bado mdomoni, akajiona mjanja kweli. Kila mwanamume wa Kamembe, upande wa Rwanda, anayevuka mpaka wa Kongo kufuata vitenge husingiziwa hawara ng'ambo. Aibu hiyo inazoeleka, na wapo hata wanaojivunia. Aibu yake yeye ilikuwa nyingine. Kwa miezi minne hakuweza kitu kitandani.

"Anaitwa nani?" Charlotte aliuliza.

"Vanessa." Lilikuwa jina la kwanza lililomjia.

Akatoka mbio. Mwaka uliopita alikesha siku tisa akibishana na sauti zisizo na watu, mpaka akaandikiwa vidonge. Sauti zilinyamaza, ila miguu ikakataa kutulia, na lile jingine likafa kabisa. Asubuhi hiyo alikwenda zahanati ya Gihundwe kumwambia muuguzi Mukamurenzi kwamba vidonge basi.

"Papa, ikala kwanza," muuguzi alisema, akimsogezea kiti.

"Siwezi kuikala, Maman!" Akamwambia yote, akizunguka meza.

Mukamurenzi hakushangaa. "Ile kinini, ile vidonge yako, inafunga dopamini. Ni dopamini ndiyo inasaidia kichwa kutuma habari kule chini. Habari isipofika, misuli ya mishipa ya damu inabaki imekazana."

"Imekazana? Mimi shida yangu si kukazana!"

"Ni ile midogo ya ndani, Papa. Hiyo inapashwa kulegea kwanza, damu iingie ijae, ndiyo mwanaume anasimama. Haiko kosa yako. Docteur atakubadilishia dawa. Lakini usiiache peke yako, sauti zitarudi."

Muderhwa nusura ambusu. Ugonjwa wenye maelezo, na wenye dawa! Akapanda pikipiki kwenda kumweleza mkewe, akakuta mlango umefungwa. Jirani akamwambia kwamba Charlotte na dada zake wawili wamefunga vitenge kiunoni, wameteremka mpakani kumtafuta Vanessa.

Njia ya mwongo ni fupi. Vanessa alikuwapo kweli Bukavu: mjane aliyemuuzia vitenge kwa jumla, mtu wa sala, asiyejua lolote. Leo angepigwa mbele ya wateja wake.

Aliwakuta kwenye kituo cha mpaka cha Rusizi ya Kwanza, wamebakiza watu watatu kufika dirisha la uhamiaji. Akamnong'oneza mkewe kwamba alidanganya.

"Sema kwa sauti," Charlotte alisema bila kugeuka. "Asubuhi ulikuwa na sauti."

Foleni ikasogea mtu mmoja.

"Hakuna mwanamke!" Muderhwa alipaza sauti, akimwita mkewe kwa jina la mtoto wao. "Ni dawa, Maman Elikia. Mwili unakataa. Hata ningekuwa na bibi makumi mbili, siwezi!"

Wachuuzi wa nyanya walitua vikapu wasikie vizuri. Mmoja akacheka, kisha wote, dada za Charlotte wakiwamo.

Charlotte akageuka. Macho yalikuwa mekundu.

"Miezi ine," alisema. "Miezi ine ninajiangalia ku kioo, ninajiuliza nimeharibika wapi. Na wewe uliona afadhali nilie juu ya bibi mwenye hayuko?"

"Niliogopa utanicheka."

"Angalia batu. Bote banacheka. Ni mimi tu sicheke."

Muderhwa alikuwa amejiandaa kwa kila aibu isipokuwa hiyo.