Wavu wa Osward Kwenye Matete

Siku ile mjinga alikuwa Osward, na mwenyewe akiulizwa leo hakatai. Mtu mzima, mwenye mtumbwi wake, kujikunyata kwenye matete ya Ziwa Rukwa kama bata, eti anamvizia Mhoja.

Kisa ni wivu. Mvua kubwa zilipojaza ziwa, Mto Momba ulishusha tope jekundu, na Osward, aliyetega mdomoni mwa mto kama alivyotega baba yake, akawa anavua majani. Mhoja, Msukuma aliyekuja juzijuzi na ng'ombe zake, yeye alijaza mtumbwi. Na samaki wake wakakaukia wapi? Kwenye chanja ya Stamili, mke wa Osward. Kambini pale mke wa mvuvi hukausha samaki wa mumewe. Akionekana na wa mwanamume mwingine, watu hukohoa. Isitoshe, Stamili akiwapokea alikuwa anacheka. Osward alikihesabu kile kicheko jino kwa jino.

"Huyu anavua kwenye matete," akajisemea. Matete ndiko samaki walikotaga, na kamati ya wavuvi ilikuwa imepafunga mpaka maji yapungue. Wavu ukikutwa humo, haurudi.

Basi alfajiri akaingia mateteni kumfumania. Mhoja akapita kule mbali, kwenye maji safi, anapiga mluzi. Walioingia mateteni ni mzee Asajile na wenzake wa doria, wakamkuta Osward pamoja na wavu wake, ambao kwa haraka ya wivu hakukumbuka kuushusha kutoka mtumbwini.

Walipomfikisha ufukweni, watu wakajaa.

"Nilikuwa nalinda," Osward akasema.

"Tumeona," Asajile akajibu. "Na zana za ulinzi umebeba."

Wakaangua kicheko, Stamili naye akacheka, kicheko kilekile. Osward akautazama wavu wake ukikunjwa, na hakuwa na mwingine. Akamgeukia mkewe.

"Mama Irene, sema hapa mbele za watu. Huyu Mhoja umempa nini mpaka ziwa zima linamfuata yeye?"

Stamili akajifuta magamba mikononi, wala hakuharakisha.

"Nimempa ulichokikataa wewe, baba Irene. Nilipasua samaki wako wa mwisho, mashavu yamejaa tope, nikakuambia wenzake wamehamia maji safi. Ukanijibu, mwanamke wa kwenye moshi anajua nini cha ziwani. Mwenzio nilipomwambia, alisema asante, akaenda kutega."