Miguu ya Mama Marie-Jeanne

Siku tatu niliendesha gari la Lambert peke yangu, na siku zote tatu lilinidhihaki. Nilikwenda nalo hadi Kapalata na kurudi, nikalisimamisha, nikalikimbiza. Nilipokanyaga mafuta, liliitikia. Mashine ya kusoma kompyuta yake ilinionyesha kosa moja la zamani kwenye pedali, nikalifuta, halikurudi. Hakuna kitu ninachokichukia kama gari linalojifanya zima mbele ya fundi.

Lambert alipokuja gereji hakutaka kukaa.

"Yunus, hii si gari," alisema kwa sauti ya chini. "Nikiwa peke yangu, iko naenda bien. Bibi yangu Larissa akikaa mbele, iko naenda. Mama yake akipanda tu, accélérateur inakufa, unakanyaga mafuta bure. Mara tano! Juzi ku daraja, camion ya nyuma ilibakia kidogo itupige."

"Na wewe unafikiri nini?"

"Batu ya avenue banasema mama iko ndoki, iko mulozi. Bandugu yangu batakuja kesho saa kumi. Kama hauone kitu ndani ya gari, donc... batamufukuza. Na vijana ya avenue, unabajua."

Niliwajua. Mwaka juzi walimtoa mjane mmoja nyumbani kwake wakaiwasha nyumba moto. Mimi nilisimama ng'ambo ya barabara, mikono mfukoni, nikitazama. Hadi leo nikisikia harufu ya plastiki ikiungua ninabadilisha njia.

Mama Marie-Jeanne, mkwe wake Lambert, alikuja kutoka Isangi kutibiwa macho. Kwa kuwa ni mkubwa, hawezi kukaa nyuma na wajukuu. Kiti cha mbele ni chake. Mimi ni mtu wa Kindu, ninaswali, na umeme ninaupima kwa mita, siupimi kwa maneno ya watu. Lakini nisiseme uongo. Niliposikia "mara tano," nywele zilinisimama.

Kesho yake asubuhi nikaenda na gari kumchukua mama. Alipanda polepole, akakusanya kikwembe alichojifunga, akaniuliza bila kunitazama:

"Munapima gari, ao munanipima miye?"

Niliwasha gari, tukaelekea daraja la Tshopo.

Tulikuwa katikati ya daraja pedali ilipokufa. Nilikanyaga hadi chini. Motor ikanguruma kivivu tu, kama inayosubiri abiria. Nyuma yetu lori la makaa lilipiga honi, likapiga tena, nikaliona kwenye kioo likikua. Mama alishika mlango kwa mikono miwili, akiomba kwa kilugha chao, na niseme wazi: kwa pumzi moja niliamini. Nilimwogopa bibi kizee yule kuliko lori. Nikainamisha macho nisiuone uso wake, na hapo nikaiona miguu yake.

Kandambili zake zilikuwa zimesukuma zulia kwa nguvu zote, kana kwamba yeye ndiye mwenye breki.

"Mama, inua miguu!"

Alidhani nimemtukana.

"Inua, mama, nakuomba!"

Aliinua. Motor ilipiga kelele, gari likaruka, nikaikwepa pikipiki moja kwa upana wa kiganja. Tulipotoka darajani nilisimama kando.

"Kanyaga tena, mama. Na nguvu."

Akakanyaga. Pedali ikafa. Akainua, ikafufuka. Tulirudia mara sita.

"Juu ya sababu gani unakanyaga vile?"

"Miye nilizoea mutumbwi, pirogue ya kwetu, mutoto yangu. Ikicheza, unakaza miguu. Na tangu banaanza kuniangalia mubaya, ndani ya hii gari niko naogopa zaidi."

Akiogopa anakanyaga, akikanyaga gari linakufa, likifa wanamwogopa, naye anazidi kuogopa. Nilicheka hadi nikakohoa. Halafu kicheko kikanikauka, kwa maana nilijua kilichokuwa chini ya zulia lile.

Gari lilikuja na usukani kulia. Mimi ndiye niliyeuhamishia kushoto, miaka miwili iliyopita. Nyaya za pedali hazikufika. Nikazikata, nikaziunga na nyingine, nikazipitisha chini ya zulia la upande wa kulia. Siku hiyo lehemu iliniishia. Nikazisokota kwa vidole, nikazifunga tepu nyeusi, nikajiahidi kuzirudia wiki ijayo. Sikuzirudia.

Ningeweza kulitengeneza palepale. Nusu saa, zulia chini, halafu nimwambie Lambert limepona. Angenishukuru. Lakini nani angesema mama hana kosa? Wangesema ameondoa mkono wake, na mtoto wa kwanza kupata homa pale nyumbani, wangemrudia. Jina langu zuri mjini lilikuwa upande mmoja, yeye upande wa pili. Mficha uchi hazai. Nililiacha gari na ugonjwa wake.

Saa kumi ndugu walikuwa uani kwa Lambert, na vijana wamejaa mlangoni. Mmoja alikuwa na kidumu cha mafuta. Safari hii mikono sikuitia mfukoni. Nilimwomba kaka mkubwa wa Lambert, Patrice, akae kiti cha mbele.

"Papa Patrice, kanyaga chini, na nguvu."

Niliwasha gari, nikakandamiza mafuta. Hakuna kitu. Uso wa Patrice ulibadilika rangi.

"Alors, Papa Patrice, na wewe iko ndoki?"

Nikafunua zulia, nikawaonyesha nyaya zilizosokotwa, tepu imebanduka, zikiachana kila ninapozikandamiza.

"Ndoki iko hii. Ni miye niliifanya, na hii mikono yangu. Kama munatafuta mutu, niko hapa."

Lambert akaenda mlangoni, akachukua kile kidumu mkononi mwa kijana, akamwaga mafuta mtaroni. Vijana wakaondoka mmoja mmoja.

Niliunga nyaya kwa lehemu mbele yao wote. Kazi ilipokwisha, Lambert alimfungulia mama mlango wa mbele, kwa heshima zote, ampeleke kwa daktari wa macho.

"Sasa kanyaga vile unapenda, mama," nilimwambia. "Gari imepona."

Gari lilipogeuka nikamwona dirishani: magoti kifuani, ameyakumbatia kwa mikono miwili, miguu iko hewani. Larissa ananiambia hadi leo haishushi.