Sheria za Meli Huku Keringet

Kabla ya kupanda ile meli, memsabu Hartnell alikuwa mbaya kwa kiasi. Alipiga kelele, alipunguza posho, alifungia sukari kabatini, mambo ambayo kila memsabu wa Keringet aliyafanya na hakuna aliyeyawekea kinyongo. Mwaka wa hamsini na nne akaenda likizo Uingereza na mumewe kwa meli, daraja la kwanza, na aliporudi hatukumtambua. Meli ilikuwa imemwingia kichwani.

Chumba cha kulia kikageuzwa. Jioni hakuna kukaa mezani bila gauni refu. Bwana Hartnell, aliyeshinda mchana kutwa na mavi ya ng'ombe kwenye buti, ilibidi avae suti nyeusi na tai ya kipepeo ili ale viazi vya shamba lake mwenyewe. Wageni waliofika kutoka Molo na makoti yao ya barabarani walirudishwa chumbani wakabadilishe. "Katika meli," memsabu alisema, na kila neno lake siku hizo lilianza hivyo, "hata lodi wa Uingereza akikosa tai haingii kula."

Baba yangu ndiye aliyewahudumia mezani. Aliitwa Kipkemei, kwa kuwa alizaliwa wakati wa kiangazi. Memsabu akamwambia kuanzia leo wewe ni Stuadi, kwa sababu huko melini wanaoleta chakula ndivyo wanavyoitwa. Akampa kanzu mpya nyeupe, nyepesi mpaka unaona mkono upande wa pili, na glavu nyeupe. Viatu hakumpa. Kule alikoyaona mavazi hayo ni kwenye bahari ya joto, ambako mtu hutokwa na jasho akiwa amesimama tu. Hilo hakulifikiria. Alilichukua vazi la joto akalipandisha hadi Keringet, ambako mwezi wa saba nyasi zinaamka nyeupe kwa barafu, akamvika mzee wa watu aliyekuwa na kifua kibovu.

Na jikoni kwenyewe kulikuwa nje. Kila sahani ilivuka ua, ukungu ukiwa umekaa mpaka magotini. Mimi nilikuwa nimefundishwa kufuma na wamisheni, nikatafuta sufu, nikaitia rangi ya kijani, nikamfumia baba sweta nzito ya kuvaa akiwa jikoni. Mlangoni alikuwa akiivua, anaitundika kwenye msumari, anaingia na kanzu yake nyepesi.

Jioni moja alisahau. Au labda hakusahau, labda mwili ulikataa tu. Aliingia na bakuli la supu, sweta juu ya kanzu, mbele ya wageni.

"Stuadi! Wewe navaa nini?" memsabu akauliza.

"Memsabu, baridi," baba akasema.

"Katika meli hapana sweta! Toa!"

Akaitoa. Memsabu akaishika kwa koleo la kuni, kana kwamba ni panya, akaitupa kwenye moto uliokuwa ukiwaka mle chumbani. Wageni wakacheka, mmoja akapiga makofi. Baba akaendelea kuhudumu kuanzia supu hadi kahawa, chumba kizima kikinuka sufu iliyoungua.

Yote haya alinisimulia mwenyewe usiku ule akiwa ameegemea jiko letu, meno yakigongana. Hakulalamika. Alisema, "Iliungua polepole, Cheptoo. Uliifuma vizuri." Nilitamani angetukana. Angetukana ningeweza kulala.

Kesho yake alirudi kazini na kanzu ileile, na siku zilizofuata vilevile, mpaka kichomi kikamlaza. Alipokuwa kitandani akipumua kwa shida, alikuja mpishi ametumwa. Nilidhani ameleta dawa. Alisema, "Memsabu anasema kanzu ni mali ya nyumba, irudishwe." Tulimvua baba tukairudisha. Akafa akiwa amejifunika blanketi la mama.

Watu wa kanisani waliniambia nimwachie Mungu. Niliwaitikia amina, lakini Mungu sikumwachia. Nilitaka yule mwanamke aumie, aumie mahali anapopapenda, na mimi niwe nimesimama pale nikimtazama. Nilikwenda nyumbani kwake nikaomba kazi ya kufua na kupiga pasi. Alitazama mikono yangu mbele na nyuma, akauliza kama ninajua kunyoosha hariri. Mimi ni mtoto wa nani, hakuuliza.

Wiki ya kwanza niliikuta kanzu ya baba kabatini. Mtu aliyechukua nafasi yake alikuwa mnene, haikumtosha, ikasahauliwa chini ya mashuka mabovu. Nikaanza kuipiga pasi. Kila Jumatatu, nikimaliza magauni ya memsabu, niliitoa kanzu, nikaitia wanga, nikainyoosha, nikairudisha. Miaka ikapita hivyo. Wenzangu walinisifu kwamba nina moyo wa upole, na mimi nikawaacha waamini hivyo.

Mwaka wa hamsini na tisa, shamba likauzwa. Upepo ulikuwa umebadilika nchini, na bwana Hartnell aliusikia mapema kuliko wenzake. Walikuwa wanakwenda zao kabisa. Nilipoambiwa, niliiweka pasi chini. Miaka yote hiyo nilikuwa nasubiri siku yangu kama mtu mwenye siku nyingi, kumbe meli inakuja kumchukua mdeni wangu na hatarudi tena.

Memsabu yeye alikuwa na furaha ya bibi harusi. Safari hii, alisema, wameandikiwa kukaa meza ya kapteni. Na kabla ya kushuka Mombasa, marafiki zao wangewafanyia karamu ya kuwaaga katika hoteli moja mjini Nakuru, karamu ya mtindo wa meli. Wazo lilikuwa lake. Alimwagiza mwenye hoteli aweke kibao mlangoni pa chumba cha kulia: asiye na vazi kamili la jioni haruhusiwi, awe nani.

Tulifungasha pamoja. Yaani yeye aliketi, mimi nikafungasha. Masanduku ya bati yalikuwa mawili, mapacha, meusi yote. Katika moja tuliweka magauni yote ya jioni, suti nyeusi za bwana, glavu, viatu vya kung'aa, hadi shanga za shingoni. Hilo lilikuwa la chumbani mwao melini, lisafiri nao. Katika la pili tuliweka mapazia, vitambaa vya meza na buti za farasi. Hilo lingetangulia Mombasa kwa gari moshi la mizigo na kuwekwa chini kabisa, tumboni mwa meli, lisifunguliwe mpaka Uingereza.

"Hapana changanya," memsabu akanionya, kisha akacheka peke yake. Akanisimulia. Safari iliyopita, mwanamke fulani wa Naivasha alikosea masanduku, nguo zake za jioni zikaenda tumboni mwa meli. Alilia, akamsihi kapteni, wapi. Hakuna anayepakua shehena kwa sababu ya gauni. Alikula chumbani kwake safari nzima kama mgonjwa, na jioni wenzake wakishuka kwenda kula walikuwa wakipita mlangoni pake wakikohoa ili asikie. "Mimi pia nakohoa," memsabu akasema, akicheka mpaka akajifuta macho.

Nilicheka naye. Kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile nilicheka kwa moyo wangu wote.

Sanduku la safari lilikuwa karibu na dirisha, la mizigo karibu na mlango. Memsabu alikwenda verandani kunywa chai. Nilitoa kanzu ya baba chini ya aproni yangu, nikailaza juu ya mapazia, mikono imekunjwa kifuani. Nikafunika. Kisha nikaingiza blanketi chini ya sanduku moja, nikaliburuta bila kelele juu ya mbao nilizozipiga nta mwenyewe, nikaliburuta na la pili. La dirishani likawa la mlangoni.

Memsabu alirudi na vibandiko, cheupe cha chumbani na chekundu cha tumboni mwa meli. Kazi hiyo hakumwachia mtumishi, alisema sisi hatujui kusoma. Akabandika kwa mkono wake, akafunga kufuli kwa mkono wake, funguo akazitia mkobani. Siku ileile lori likalipeleka lenye kibandiko chekundu stesheni ya Molo. Nililitazama mpaka likapotea kwenye kona ya shamba la pareto.

Nakuru nilichukuliwa ili nimvalishe. Barabara ilikuwa vumbi tupu, tukafika suti yake ya safari imekuwa nyekundu. Akaoga, akanipa suti niikung'ute na kuinyoosha, akabaki na shimizi. Bwana alikuwa chini na marafiki, koti lake la safari bado mwilini, akisubiri mkewe amtolee suti nyeusi. Niliichapa ile suti pasi nyuma ya hoteli, nikapanda nayo ngazi mkononi ikiwa bado ina joto. Jioni ilikuwa inaingia, na upepo wa ziwa ulikuwa mkali. Mimi nilikuwa na sweta yangu. Ya kijani, kama ile ya baba.

Nilimkuta amefungua sanduku. Alikuwa amepiga magoti mbele yake, amevuta pazia moja, amevuta la pili, kama mtu anayechimba. Kanzu alikuwa ameitupa kando.

"Magauni iko wapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Yametangulia, memsabu. Yamo kwenye lile la kibandiko chekundu."

"Nani nafanya hii?"

"Aliyebandika ni wewe."

Nilimwona akielewa. Si karamu peke yake. Nilimwona akijiwazia akifika Mombasa, akipanda meli, akifungiwa chumbani, na meza ya kapteni ikiwa na kiti kitupu, na watu wakipita mlangoni pake wakikohoa. Uso ulimshuka wote. Nilikuwa nimesubiri uso ule miaka mitano na sitadanganya, ulikuwa mtamu.

Kisha akaiona tena ile kanzu. Akaiokota, akajifunika nayo kifua kwa sababu baridi ilikuwa imeanza kumshika. "Hii kanzu ya boi. Kwa nini iko ndani?"

"Ni ya Stuadi."

"Stuadi gani?"

"Yule uliyemchomea sweta. Alikuwa baba yangu."

Nilitegemea ashtuke. Alikunja uso tu, akitafuta, kama mtu anayeulizwa alikula nini mwaka juzi. Hapo hasira yangu ilipanda upya. Nilikuwa nimembeba mwanamke huyu moyoni kila siku, na yeye hata hakuwa ametubeba.

Mlango ukagongwa. Sauti ya kike, ya mmoja wa wale waliocheka usiku ule, ikamwita kwa jina lake la nyumbani na kusema wageni wote wamekaa, supu inapoa.

"Nakuja!" memsabu akajibu kwa furaha ya uongo. Kufungua hakuthubutu. Akanigeukia, akanong'ona, "Lete suti yangu. Upesi. Mimi nasikia baridi."

"Taja jina lake kwanza."

"Nini?"

"Baba yangu. Alikupa chakula kabla sijaota meno. Taja jina lake, nikupe suti yako."

Akanikazia macho aone kama natania. Hakuona utani. "Kiprono," akasema.

"Hapana."

"Kiplagat. Kipsang." Midomo ilikuwa inamtetemeka. "Kip... Kip... Mimi hapana jua! Yeye alikuwa Stuadi tu!"

Nje tulisikia buti za bwana zikipanda ngazi, na watu nyuma yake wakicheka. Alikuwa akimwita mkewe kwa sauti ya aibu. Mhudumu alikuwa amemrudisha mlangoni pa chumba cha kulia kwa ajili ya koti lake, akamwonyesha kibao.

Nilimsogelea memsabu nikaishika kanzu. "Hii nayo irudishwe," nikasema, nikamvua.

Akabaki katikati ya chumba na shimizi lake, amejikumbatia, akitetemeka. Nilitoka, suti nikaitundika kwenye kitasa cha upande wa nje, ambako asingeifikia bila kutoa mkono mbele ya wote waliokuwa wakija. Nikawapisha ngazini kwa adabu, nikashuka kwa mlango wa nyuma.

Nyuma yangu nilimsikia bado anajaribu, kwa sauti iliyokatikakatika kwa baridi, Kipruto, Kibet, Kiptanui. Sikumtajia. Jina la baba halikupanda meli, lilibaki na mimi Nakuru.